Gereza la Plastiki

Mtongwe, Likoni
9 Februari 2025

Kaka Hussam,

Kabla sijakusalimu nina jambo la kukiri, maana nikianza na salamu nitapoteza ujasiri. Hakuna anayelijua. Si Mama, si wenzangu shuleni, hata kwenye daftari langu sijaliandika. Bado nafanya lile tulilokuwa tukilifanya mimi na wewe chumbani kwako. Kila siku nikirudi shule naingia, natia komeo, nakaa humo mpaka adhana ya magharibi. Mimi huyu, wa kidato cha tatu, niliyetimiza miaka kumi na sita.

Sasa salamu. Assalaam alaikum, na shikamoo kaka. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mguu wa Mama umepata nafuu, amerudi ferini na karai lake la viazi, anatoka baada ya adhuhuri na kurudi jua likizama. Paka amezaa ndani ya begi lako la mpira, watoto wanne, na Mama amekataa kuwatoa. Anasema mwenye begi akija atawatoa mwenyewe. Cindy, yule ninayekaa naye dawati moja, ameniuliza tena utarudi lini kutoka Qatar. Usinicheke. Ilibidi niseme uko mahali, nikasema Qatar, na sasa anataka manukato.

Habari kubwa pengine umeshaisikia huko. Afisa wa probesheni alimpigia Mama simu. Jina lako limo katika orodha. Jaji atakuja mwezi wa nne kupitia majina ya waliobakisha chini ya miaka mitatu, na atakayeonekana anafaa atamalizia kifungo nje, kwa kufagia zahanati au kuzibua mitaro. Mama alikaa chini palepale jikoni. Kesho yake akanunua chokaa na kupaka chumba chako kwa mikono yake, akikohoa na kuimba. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akiimba.

Turudi kwa lile langu. Najua afande ataisoma barua hii kabla yako, kwa hivyo naona haya kulitaja kwa jina lake la dukani. Nitaliita vile alivyoliita Bibi, gereza, na wewe utanielewa. Nasema lile kubwa la kijivu, la minara minne. Nimegundua kwamba mlango wake wa nyuma hufunguka bila kulazimisha, ukisukuma bawaba ya kushoto. Askari wote nawajua wanapokaa. Wawili wa mnara wa mbele wamevunjika shingo, nimewaficha koponi. Wamebaki saba, na saba si wengi. Jana niliwatoa wafungwa wote kwa mlango huo wa nyuma, haikunichukua hata dakika tano. Nitakuonyesha njia.

Usimwambie mtu. Jina sitii, mwandiko unaujua.

Mdogo wako

* * *

Huku niliko
27 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Waalaikum salaam. Marahaba. Mimi ni mzima, chakula kipo, na kikohozi kimepungua. Barua yako ilikaa ofisini wiki saba.

Nimehamishwa bloku. Hii ya sasa haitoki kwenda shambani, kwa hivyo jua nalipata saa moja tu kwa siku, ukutani, kama mjusi. Nimeanza kuwa mweupe, ukiniona kando ya shombe hutaona tofauti. Huo ni mzaha.

Jaji alikuja. Alisoma majina, langu halikusomwa. Mambo ya ofisi hayo, sababu zao wanazijua wenyewe. Mwambie Mama asihangaike.

Yale ya chumbani usiniandikie tena. Hata neno lenyewe usiliandike. Umekuwa mkubwa, una mtihani mwakani, shika vitabu. Na barua ziwe chache. Ukiandika, usitie jina, kama ulivyofanya mara hii.

Wale paka wape majina.

Hussam

* * *

Mtongwe
18 Mei 2025

Kaka Hussam,

Assalaam alaikum. Shikamoo. Tumeamka salama. Mvua imeingia jikoni na Mama ameanza kukohoa na yeye. Paka hawapo, nitafika hapo.

Umesema nimekuwa mkubwa. Nilisoma sentensi hiyo nikaona uso ukiniwaka nikiwa peke yangu. Nani aliyenifundisha? Umesahau? Mimi nilikuwa na miaka sita na wewe kumi na nne, umepata kibarua Kongowea cha kuchambua mitumba, na siku ya kwanza ukarudi na mnara mmoja wa plastiki uliotumbukia katika robota la nguo za watoto kule lilikofungwa. Mnara tu, bila nyumba. Ukauweka juu ya redio. Ikapita miezi minane mpaka ukapata ukuta uliouingia, na ulipoingia ulilia mlio mdogo, tak, ukanishika mkono ukanitetemesha. Bendera ilikuja mwaka uliofuata ndani ya soksi. Daraja hatukulipata kamwe, tukalikata kutoka kwenye kifuniko cha kopo la siagi.

Wenzako walikuwa wakikucheka, wakikuita Mzee wa Midoli. Wakikutupia vipande usoni kwa kejeli, nawe ukiviokota na kuwashukuru. Ukaniambia watu wengine wanakusanya stempu, wengine sarafu, na hakuna anayewacheka. Ukanionyesha chini ya sakafu ya ngome hiyo ya kuchezea pamepigwa chapa, 1974, kimetengenezwa Ujerumani Magharibi. Nchi ambayo mwalimu wa historia anasema haipo tena. Ukasema, nchi imekufa na ukuta wake huu hapa kwetu, Mtongwe, tumeupangusa vumbi.

Na Bibi, Mungu amrehemu, alipolitazama lile la kwanza likiwa limekamilika akavaa miwani na kusema, "Hili si Gereza hili? Hata mizinga wamelitia." Kwa sababu yeye alizaliwa Mji wa Kale, na ile ngome ya Wareno pale ufukoni hakuwahi kuiita jina lingine katika maisha yake. Nasi tukashika hapohapo. Yalipofika saba tukawa na magereza saba, mekundu mawili, meupe mawili, ya kijivu matatu. Darasani ningeandika kasri. Lakini kasri halijawahi kunuka kama kiatu kipya kilichoanikwa juani, na gereza letu linanuka hivyo. Lilinuka hivyo.

Kaka, hayapo.

Ilianza mwezi wa nne, tarehe tatu. Mama alipigiwa simu akiwa anaponda pilipili. Alikuwa akijibu ndiyo afisa, ndiyo afisa, kisha akaiweka simu ndani ya bakuli la unga na kuendelea kuponda. Nilimuuliza. Akasema kaka yako amejiharibia mwenyewe, na tangu siku hiyo jina lako halimo nyumbani humu. Nikilitamka anaongeza sauti ya redio. Asubuhi yake aliwatoa paka begini mmoja mmoja akawatia kwenye sanduku na kuwapeleka kwa jirani.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilikuwa kwenye masomo ya ziada. Niliporudi chumba chako kilikuwa kitupu, kimefagiwa, ukuta mweupe peke yake. Mama amemwita Ngala, yule wa mkokoteni anayepita akinunua majerikeni na ndoo mbovu, akampa yote saba pamoja na kopo la askari. Nilisimama mlangoni. Mama akasema, "Nimechoka kumtunzia mtu takataka zake." Mimi sikusema kitu. Ulimi wangu unaujua.

Jumatatu sikuenda shule. Nilivuka feri nikaenda mpaka Chaani, kwenye uwanja ambao Ngala hupeleka mizigo. Pana mashine inayokata plastiki, inapiga kelele mpaka meno yanauma. Mbele yake kulikuwa na magunia ya vipande vidogo kama kucha, vya kijivu vimechanganyika na vya ndoo na vya kreti. Nilitia mkono ndani mpaka kwenye kiwiko. Ngala akaja kwa upole akaniuliza, binti, umepoteza nini? Nilitaka kumwambia. Wallahi nilifungua mdomo. Nikasema natafuta beseni.

Akanichagulia la buluu, lina ufa pembeni, hakutaka chochote. Nikarudi nalo kwenye feri limenifunika magoti. Sasa Mama analitilia viazi.

Niambie ni kipi nilichokosea. Niambie na Mama ameambiwa nini. Barua hii nimeandika kila kitu kwa jina lake, sijaficha, kama kuficha ndiko kulikokuudhi.

Mdogo wako

* * *

30 Agosti 2025

Barke,

Barua hii haikupita ofisini. Imebebwa na Thoya, amemaliza kifungo, kwao ni Kisauni. Nimemwambia akupe mkononi, penye lango la shule, na asimkaribie Mama. Ana sura ya kutisha lakini ni mtu wa swala tano. Ukishaisoma ichome.

Salamu nyingi. Tangu Aprili sijapata barua yoyote kutoka kwako. Sijui kama ulinitii au wamezizuia. Nilijiambia umenitii, ikaniuma kuliko nilivyotarajia.

Nilikuambia sijui kwa nini jina langu halikusomwa. Nilijua. Sitaki uje uyasikie kwa mtu mwingine akiyapindapinda, basi nakwambia mimi, mara moja tu.

Mwezi wa tatu niliitwa ofisini. Mezani ilikuwepo barua yako ya Februari, imepigwa mistari ya wino mwekundu. Afisa akaisoma kwa sauti mbele ya wenziwe wanne. Mlango wa nyuma hufunguka. Askari wamebaki saba. Nimewatoa wafungwa wote. Nitakuonyesha njia. Na ile nyingine, sitalitaja kwa jina lake la dukani, wewe utanielewa. Barke, mimi nilicheka. Hilo ndilo kosa langu katika kisa chote hiki. Nilikuona wewe umepiga magoti pale sakafuni na vile vijiaskari vya shingo mbovu, nikacheka mpaka nikashika meza.

Nikawaeleza. Ni mdoli, nikawaambia, ni ngome ya plastiki, kwetu huita gereza. Afisa akaniangalia ndevu. "Wewe na umri wako una gereza la kuchezea?" Wakacheka wao sasa. Akauliza nani ameiandika. Nikasema sijui, wanaoniita kaka mtaani ni wengi. Akasema basi mwandishi aje hapa na hilo gereza lake alitie mezani, ajieleze, na faili tutaifunga. La sivyo ni njama ya kutoroka.

Nilinyamaza. Ungefanya nini hapo? Nilikumbuka ulipoitwa mbele ya shule nzima usome shairi, una miaka kumi, ukasimama robo saa na karatasi mkononi bila neno, mpaka mwalimu akaja kukubeba. Nikawaza umekaa kwenye kiti kile, maafisa watano wamekuzunguka, wanakuuliza ni wafungwa gani uliowatoa. Nikasema tena sijui. Wakafuta jina langu, wakanitia bloku hii, na ule msamaha wa theluthi ya kifungo nao umeondoka. Mama aliambiwa kwa ufupi tu, kwamba nilikuwa napanga kutoroka. Anadhani ni kazi ya rafiki zangu wa Kongowea. Mwache adhani hivyo.

Yuko afisa mmoja hapa wa ustawi, ana moyo. Anasema jaji atarudi Novemba, na ushahidi ukifika kabla ya hapo atautia failini kwa mkono wake. Nimemwambia hakuna. Usithubutu, Barke. Usimwambie Mama. Yeye kunikasirikia mimi ameshazoea, nilianza nikiwa na miaka tisa na dirisha la msikiti. Akikukasirikia wewe atabaki na nani?

Nina ombi moja. Yatunze magereza. Futa vumbi kwa brashi kavu, si kwa maji, gundi itaachia. Siku nikitoka, hata kama ni miaka, nitaliweka lile la kijivu mezani mbele ya Mama na kumwambia, hili ndilo lililonifunga mara ya pili, na yeye ataona. Likiwepo, ninaye shahidi. Nikizidiwa huwa nalijenga kichwani kipande kwa kipande, tangu sakafu. Nikifika bendera huwa nimetulia.

Hussam

* * *

Mtongwe
21 Septemba 2025

Kaka Hussam,

Assalaam alaikum. Shikamoo. Sisi tuko hai.

Thoya amenipa barua yako Jumatatu iliyopita. Alisimama mbali na lango kama mtu mwenye haya kuliko mimi, akanyoosha mkono, akasema kakako anakusalimu, akaondoka. Cindy akauliza huyo ni nani. Nikamwambia ni mtu aliyekaa na kaka yangu gerezani. Lilinitoka hivyo tu. Hajaniuliza tena juu ya manukato.

Sikuichoma. Nimeisoma mpaka mikunjo imeanza kutoboka. Wewe hukuipata barua yangu ya Mei, kwa hivyo hujui, na mimi ndiye wa kukwambia. Magereza hayapo. Yote saba. Mama alimpa Ngala wa mkokoteni baada ya ile simu, yakapelekwa Chaani yakakatwa na mashine. Nilifuata, nikakuta magunia ya vipande. Hakuna hata mlango, hata bendera. Tafadhali usiache kulijenga kichwani. Sijui nikuombe nini kingine.

Nimekaa wiki hii nikijaribu kuona ni wapi nilipoharibu, na kila mahali nakuta ni palepale. Niliona haya mbele ya afande nisiyemjua. Niliona haya aje ajue kwamba msichana wa miaka kumi na sita anachezea midoli. Ningeandika tu, nachezea midoli. Maneno mawili. Wewe ungekuwa hapa tangu Aprili, unazibua mitaro na kunuka, na Mama anakufukuza sebuleni. Badala yake nikalifunika jambo la kitoto mpaka likafanana na jambo la hatari, halafu wewe ukanifunika mimi.

Mama amekonda. Hazungumzi na majirani. Juzi tulikuwa tunamenya viazi, akasema bila kuniangalia, "Nilimpakia chumba chokaa kwa mikono yangu, kumbe yeye anachimba tundu." Kisu kikamtoka. Nikasema Mama. Akasema nini? Nikasema viazi vimekwisha. Beseni lilikuwa limejaa. Alilitazama beseni, akanitazama mimi, akaendelea kumenya. Hiyo ilikuwa mara ya tatu najaribu kumwambia. Mara ya kwanza nilimwambia naumwa na kichwa, akanipa dawa na nikaimeza. Mara ya pili nilisema nimesahau nilichotaka kusema.

Sitaki ufikiri kwamba naandika haya kwa kuwa na matumaini. Sina. Ushahidi ulikuwa plastiki na plastiki imekuwa mabeseni. Nikienda huko nitakwenda mikono mitupu, nitaonekana mtoto aliyefundishwa la kusema, na huenda nikafika mbele ya meza ile nikasimama robo saa tena. Nauli yenyewe ni ya kumwomba Mama, kwa hivyo lazima aanze kujua yeye. Atakapojua kwamba alimchukia mwanawe miezi sita kwa barua ya bintiye, na kwamba alikitupa kwa mikono yake kitu pekee ambacho kingekutoa, sijui atakuwaje. Nimejaribu kuufikiria uso wake na nimeshindwa. Labda kwa hilo ulikuwa na haki kunikataza.

Hukuwahi kunikataza kitu nikakukaidi. Hata ulipoapa kwamba nikila mbegu za ndimu mndimu utaniota tumboni, nilizitema miaka yote. Lakini umenipa siri hii niibebe ili Mama abaki na mmoja, na nakwambia hana hata huyo mmoja. Anakula na mtu anayemdanganya juu ya viazi.

Barua hii ninaipeleka posta, ofisini kwenu, waisome. Afande, ile ya Februari niliiandika mimi, Barke binti Khatibu, dada yake Hussam, mwanafunzi. Hakuna aliyenituma. Gereza ni mdoli wa plastiki. Bibi yetu ndiye aliyelipa jina hilo, na askari wake wana urefu wa kidole. Naomba yule afisa wa ustawi aitie failini kabla ya Novemba. Nitakuja kuyasema haya kwa mdomo.

Kaka, mvua imeanza. Mama atakuwa ameanua karai mapema. Kweli, nasikia ndara zake uani, anazikung'uta tope. Sasa yumo ukumbini. Ameita mara moja, nimeitika abee, na sauti imetoka kubwa mno. Kila siku wakati huu huwa nimeshaichomeka karatasi ndani ya kamusi na kufungua kitabu cha hesabu. Anakuja huku. Karatasi iko juu ya meza, na yako nimeikunjua kando yake, upande wenye mwandiko wako uko juu. Mkono wa kushoto nimeuweka gotini, sifuniki kitu. Pazia linafunuka.